Ataagwa Jumamosi

Bajeti ya kwanza niliiandika mwenyewe, kwenye daftari la mistari, na ilikuwa bajeti safi. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi huko Handeni, na sioni haya kusema kwamba nilipoimaliza niliitazama kama mtu anavyotazama shamba lake lililopaliliwa. Kutoka Korogwe hadi Harare, kwa kupitia Mbeya, kisha Malawi, kisha kipande cha Msumbiji pale Tete, kisha Zimbabwe, ni kilomita kama elfu mbili na mia nne. Kurudi vilevile, maana sikuwa na nia ya kubaki. Pikipiki yangu ya cc 150 hula lita moja kwa kilomita thelathini na tano nikiwa mtulivu, kwa hiyo lita mia moja na arobaini zingetosha. Viza hakuna. Kulikuwa na bima ya kuvuka mipaka, karatasi za kuipitisha pikipiki forodhani, chanjo ya homa ya manjano, tairi mbili, tyubu nne, mnyororo, plagi, oili, na malazi kwenye nyumba za wageni za hadhi ya mwalimu. Nilijumlisha mara tatu. Jumla ilinitisha, lakini ilikuwa jumla ya kweli.

Aliyenituma ni mama. Anakaa Korogwe, kwenye nyumba za zamani za kambi ya mkonge, na ana mdogo wake mmoja tu wa kiume. Baba yao, yaani babu yangu, alitoka Nyasa, Malawi ya leo, akaja kukata mkonge kama manamba wengine. Kazi ya mkonge ilipoanza kufa, babu akaamua kurudi kwao na yule kijana wake. Mama alibaki, kwa kuwa alikwishaolewa na baba yangu, Mzigua wa Handeni. Kijana yule baadaye alivuka tena mipaka kutafuta kazi kwenye mashamba ya tumbaku ya Zimbabwe, akaoa, akazeekea huko, karibu na Harare. Yote hayo mama aliyapokea. Jambo moja tu lilimkaa kooni kwa miaka hamsini: mdogo wake aliondoka alfajiri bila kumuaga.

"Kamuulize kwa nini," aliniambia. Mwaka ule alikuwa amelazwa mara mbili kwa ajili ya moyo, na alikuwa na haraka ya watu wanaotoka hospitali.

Nikamwambia tumpigie simu, namba ya mjukuu wake ninayo.

"Swali la namna ile haliulizwi kwa vocha. Nenda, umtazame machoni wakati anajibu, uje uniambie alivyojibu na alivyotazama."

Na mtu ataniuliza kwa nini sikupanda basi. Basi lipo, na nauli yake ilikuwa kama robo ya bajeti yangu. Mwalimu wa hesabu aliliona hilo akanyamaza. Ukweli ni kwamba niliitaka ile safari ya pikipiki kwa moyo wangu wote. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikiendesha Handeni kwenda Korogwe na Korogwe kwenda Handeni, na kila nilipofika mwisho wa lami yangu niliona kwamba barabara yenyewe haikuwa imefika mwisho.

Kosa langu ni kuitaja bajeti ile kwenye chumba cha walimu. Huku kwetu mtu akitaja jambo lenye gharama, kabla hajafunga mdomo amekwishaundiwa kamati. Nami sikuwa na sababu ya kukataa. Nimechangia harusi zao, kipaimara cha watoto wao, maulidi yao, na sherehe moja ya bwana aliyekuwa anahama tu mtaa. Kwa hiyo jioni ile nilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni bwana shamba mstaafu jirani yangu. Katibu, mwalimu mwenzangu kijana anayelala na simu yake. Na mweka hazina, mama mmoja muuza vitenge mwenye sauti ya kuamrisha. Wote watatu walikuwa wametoka kumaliza harusi ya katibu mwezi uliotangulia, na bado mikono ilikuwa inawawasha.

Kikao cha kwanza mwenyekiti alifungua kwa sala, kisha akauliza, "Ukumbi tumepata?"

"Ukumbi wa nini, mzee?"

"Mwalimu, utaondoka kimyakimya kama mwizi?"

Nikasema labda nyumbani kwa mama, Korogwe. Ikaandikwa: hema mbili, viti mia moja na hamsini.

Katibu alikuwa na jedwali la bajeti kwenye simu, lile lile la harusi yake, na lilikuwa linajijumlisha lenyewe. Tatizo ni kwamba ukifuta mstari mmoja, jumla yote inageuka kuwa alama za reli. Alikuwa amejaribu. Kwa hiyo kamati iliamua kutofuta kitu. Palipoandikwa "Bwana harusi" wakaniweka mimi. Palipoandikwa "Bibi harusi" wakaiweka pikipiki.

"Nguo za bibi harusi," katibu akasoma.

"Tairi mbili," mweka hazina akajibu bila kutabasamu.

"Saluni."

"Kupiga rangi na kung'arisha rimu."

"Viatu."

Wakanitazama. Nikasema kwamba tairi ndiyo viatu, na nguo labda ni turubai la kufunikia. Walijadili jambo hilo kwa dakika ishirini, na mwenyekiti akaomba wajumbe wasimwingilie mwalimu katika mambo ya nyumbani kwake. Keki ilibaki, iwe na umbo la tenki la mafuta. Mshereheshaji alibaki. Muziki ulibaki. Sare zilibaki, nazo zikawa fulana nyeupe zenye picha yangu kifuani na maneno SAFARI NJEMA MPENDWA WETU. Nilipouliza petroli iko wapi, katibu alisogeza kidole chini, chini zaidi, hadi mstari wa mwisho kabisa. Lita zangu mia moja na arobaini zilikuwa chini ya "Mengineyo," pamoja na vijiti vya kuchokolea meno.

Nilikasirika. Nilienda nyumbani nikaipiga teke pikipiki, kisha nikaifuta.

Miezi ikapita kwa vikao. Michango ilikuja kidogokidogo, na soda za vikao zikawa zinaikimbiza kwa karibu. Mama alikuwa ananipigia simu kila Jumapili. "Umeshamwona?" anauliza, kana kwamba Harare iko nyuma ya kijiji cha Sindeni. Namwambia bado tupo kwenye maandalizi. Nasikia anavyopumua. Wiki moja alilazwa tena siku mbili, nikaogopa kweli, nikaiambia kamati kwamba sisubiri keki. Tukakubaliana Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Jumapili ya wiki ile katibu alitengeneza tangazo. Alichukua picha yangu ya kitambulisho, ile ambayo sicheki, akaizungushia maua na njiwa mweupe pembeni. Chini yake akaandika hivi: "Ndugu, jamaa na marafiki. Safari ya mpendwa wetu imewadia. Ataagwa Jumamosi saa nne asubuhi nyumbani kwa mama yake, Korogwe. Michango itumwe kwa mweka hazina. Tumsindikize kwa upendo." Akanionyesha kwanza. Nikalisoma kwa makini kama ninavyosahihisha insha, nikarekebisha herufi kubwa mbili. Kila neno lilikuwa la kweli.

Kesho yake pesa zilianza kumiminika. Mweka hazina alinipigia saa mbili asubuhi sauti ikimtetemeka. "Mwalimu, sikujua kama watu wanakupenda hivi!" Nami sikujua. Watu ambao hawakuwahi kuchangia hata soda walituma. Walimu niliofundisha nao zamani walituma. Mzazi mmoja wa Kabuku, ambaye tuligombana vibaya kuhusu mwanawe, alituma elfu hamsini na ujumbe: "Nimemsamehe mwalimu kwa yote." Niliusoma ujumbe ule mara nyingi, machozi yakanilengalenga. Niliona kwamba huenda dunia inahitaji tu kusikia unasafiri ndipo ikuonyeshe ilichokuficha.

Mjukuu wa mjomba naye nilikuwa nimemwingiza kwenye kundi letu la simu, ili mzee afuatilie maandalizi kwa kuwa yeye Kiswahili anakijua na mjukuu hakijui. Jumatatu ile mjukuu aliandika maneno mawili: "Pole sana." Nikajua mzee amemfundisha. Kwetu pole ni ya kila kitu, ya mafua, ya kazi, ya jua kali, ya kubeba kikapu. Nikamjibu, "Asante sana, tunaendelea vizuri."

Alhamisi nilikuwa Korogwe, uani kwa mama, nimelala chini ya pikipiki nakaza mnyororo. Likaingia gari dogo la mizigo kutoka Magoma. Nyuma walikuwa wamekaa akina mama kumi na zaidi, kanga kichwani, na magunia mawili ya unga, kuni, na sufuria kubwa ya shughuli. Mbele alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Alishuka akiwa ameshaanza kulia, na wenzake wakampokea kwa sauti moja. Nilitoka chini ya pikipiki, nimejaa grisi, nikasema, "Shikamoo shangazi. Nani amefariki?"

Shangazi aliacha kulia ghafla, mdomo wazi. Mama mmoja nyuma aliruka chini upande wa pili wa gari akakimbia hadi kwa jirani.

"Si wewe?" shangazi akasema.

Ilichukua muda kuelewana, kwa sababu yeye alikuwa na tangazo mkononi, kwenye simu, na ananionyesha ushahidi. Picha yangu. Njiwa. Ataagwa. Kusindikizwa. "Mtu mzima na akili yake anaagwa kwa njiwa?" aliuliza kwa hasira. Nilijaribu kumweleza kwamba mtu hai pia huagwa. Akaniambia mtu hai huaga, na maiti ndiyo huagwa, na mimi ni mwalimu. Sijapata jibu la hoja ile hadi leo.

Mama alikuwa mlangoni anasikiliza yote. Alicheka mpaka akashika kifua, nasi sote tukaogopa tena.

Katibu alituma kanusho mchana ule: "Mwalimu ni mzima, anaendesha." Lakini hapo pakazuka jambo zito zaidi. Karibu pesa zote zilizoingia wiki ile zilikuwa rambirambi, na mwenyekiti aliyekuja mbio kutoka Handeni alisema wazi kwamba rambirambi hairudishwi. "Ukimrudishia mtu rambirambi unamwambia nini? Kwamba asubiri?" Mweka hazina akasema jedwali halina mstari wa rambirambi. Shangazi akasema yeye unga wake haurudi Magoma, kwa sababu ulikwishatoka nyumbani kwa nia ya kuliwa. Basi wakabaki. Watu wengine waliofika wakilia nao wakabaki, kwa furaha ya kunikuta nikiwa hai na harufu ya wali. Walikula Alhamisi, wakala Ijumaa. Ijumaa jioni mweka hazina alisoma hesabu: hema, viti, ng'ombe, mchele, muziki, keki, sare. Mengineyo yaliyobaki yalikuwa lita kumi na moja. Kwa mwendo wa utulivu lita kumi na moja zingenifikisha karibu na Mikumi, nikabaki na tembo.

Nilikaa nyuma ya nyumba nikalia, na simaanishi kulengwalengwa. Mama yangu alikuwa na swali moja tu duniani, nami nilikuwa nimelibadilisha kuwa ng'ombe na keki. Alinikuta pale. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi tena," na yale maneno mawili yaliniuma kuliko fimbo.

Jumamosi sherehe haikuweza kuahirishwa, kwa sababu muziki ulikuwa umelipiwa. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimevaa fulana yenye uso wangu, pikipiki imefungwa utepe mweupe, mabegi yapo pembeni. Simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Haloo," ilisema sauti ya mzee, Kiswahili chake kimekauka kama cha mtu aliyekiweka juu ya dari. "Mimi mdogo wake mama wa marehemu. Nipo hapa Segera, nimeazima simu ya muuza machungwa. Mazishi saa ngapi?"

Nilishtuka kiasi kwamba nilijibu, "Saa nne."

"Nitawahi?"

"Utawahi, mzee. Kaa hapohapo."

Sikumwambia mama. Niliogopa isije ikawa si kweli. Nikawasha pikipiki, na hiyo ndiyo safari ndefu niliyoipangia bajeti kwa miezi minane: Korogwe hadi Segera.

Alikuwa amesimama karibu na meza za machungwa, mwembamba, koti zito la suti, blanketi limefungwa kwa kamba. Kanusho la katibu halikumfikia. Siku ile alikuwa tayari kwenye basi, na mjukuu hakuelewa lililoandikwa. Nilimwamkia. Aliitikia huku anaitazama fulana yangu, kisha uso wangu, kisha fulana.

"Umefanana sana na marehemu," alisema. "Wewe ni nani wake?"

"Ndugu wa karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu sana, mjomba."

Macho yakamjaa. Nilitaka kumwambia palepale, lakini ningeanzaje? Alikuwa amevuka nchi kwa siku tano na mkate mkavu, na waliosimama pale walikuwa wanampa pole na kunipa pole mimi. Nilimpandisha. Nilifikiri nitamwambia tukiwa njiani, ambako hatanitazama.

Njiani alianza yeye. Alinishika kiunoni, akawa anasemea mgongoni mwangu ili upepo usimnyang'anye maneno. Alisema tangu aliposikia mpwa wake anakuja kwa pikipiki alikuwa akikaa barazani kila jioni, ingawa aliambiwa safari bado. Alisema alimnunulia godoro. Alisema aliona picha usiku, asubuhi akauza mbuzi, akapanda basi, kwa kuwa dada yake hawezi kuzika mtoto peke yake. Hakuwa na bajeti. Hakuwa hata na begi. Mimi nilikuwa naendesha, machozi yananikimbilia masikioni, na kila nikifungua mdomo kusema, "Mjomba, sikiliza," anasema, "Najua mwanangu, inauma." Askari wa barabarani alitusimamisha, akaiona fulana, akavua kofia. "Poleni na msiba," akasema, akatupisha.

Tulipoingia uani mshereheshaji alipaza sauti, "Na sasa anaingia mwenyewe!" Muziki ukapigwa. Mjomba alishuka, akatazama hema, keki, watu wanaopiga makofi, akanigeukia mimi kwa hofu.

"Mwili uko wapi?"

Nikaweka mkono kifuani. "Ni huu hapa, mjomba."

Alitazama fulana. Alitazama uso. Kisha akavua kofia yake akanipiga nayo, bega la kulia, bega la kushoto, kichwani, huku analia na kunitukana kwa lugha tatu, na nilisimama nikapokea, kwa sababu kila pigo nilistahili na kwa sababu nilikuwa nimefurahi mno. Shangazi ndiye aliyemshika mkono. Halafu muziki ukazimwa bila mtu kuamuru, na mama akatoka ndani.

Alikuja polepole kati ya viti. Alisimama mbele yake karibu sana. Hakumsalimia.

"Kwa nini uliondoka bila kuniaga?"

Mjomba alishusha kofia. "Nilikuja," alisema.

"Hukuja."

"Nilikuja, dada. Baba alikataza tusikuamshe. Lori lilikuwa linawashwa, nikamtoroka, nikakimbia hadi kwako. Nikasimama dirishani, nikakuita kidogokidogo. Mtoto akaamka akaanza kupiga kelele. Sijasikia mtoto analia vile. Mbwa wakabweka, mumeo akatoka na panga anauliza nani huyo. Nikakimbia. Nikapanda lori."

Mama alifikiri. "Mtoto gani?"

"Ulikuwa na mmoja tu. Miezi miwili."

Mama ana watoto watano, na mimi ndiye kifungua mimba. Alinigeukia taratibu, na kamati yote ikanigeukia pamoja naye, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ndani ya fulana zenye uso wangu.

"Kumbe ni wewe," mama akasema. "Miaka hamsini namlaumu mtoto wa watu. Hukuweza kunyamaza dakika moja?"

Nilimwomba msamaha kwa kosa la kulia nilipokuwa na miezi miwili. Alichelewa kunijibu, maana alikuwa ameushika uso wa mdogo wake kwa mikono yote miwili.